"Wamezikwa" ama "walizikwa"? Sentensi moja ya Sachangwan iliyonitoa jasho

Jumapili moja saa mbili usiku simu yangu ilianza kulia mfululizo kama ya mtu anayedaiwa na programu zote za mikopo. Nilikuwa nimeposti picha moja tu mchana huo. Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, pale Sachangwan, ukungu umeshuka mpaka kwenye lami, malori yamefuatana yakiteremka pole pole kuelekea Salgaa. Picha ilikuwa kali, wacha niseme ukweli. Chini yake nikaandika kwa Kiingereza, kwa sababu ukurasa wangu unafuatwa na watu wengi walio nje ya nchi, na pia kwa sababu nilitaka ionekane imeandikwa na mtu wa maana:

"Sachangwan, where over 100 people have been burnt and buried."

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa dada mmoja wa Molo anayefanya kazi Qatar. Hatujawahi kuonana ana kwa ana, lakini amenifuata muda mrefu. Aliandika: "Kaka, ni ajali gani tena hiyo? Ni ya leo? Kakangu mdogo ametoka Eldoret na lori saa kumi na simu yake haipatikani."

Nikajibu mbio: "Pole sana dada, si ya leo. Hiyo ni ya 2009."

"Sasa mbona umeandika kama ni ya leo?"

Kabla sijajibu, msee mwingine akaingia na lake: "Wamechomwa na nani?"

Nikaketi. Sikuwa nimedanganya mtu. Moto ulitokea, watu zaidi ya 100 walikufa, na kaburi la pamoja lipo pale. Kila kitu nilichosema kilikuwa kweli, na bado watu wawili wenye akili timamu walikuwa wamesoma sentensi moja na kupata habari mbili za uongo. Mmoja alisoma kuwa ni leo. Mwingine alisoma kuwa kuna mtu aliwachoma. Nilirudi kwenye sentensi neno kwa neno, na kila nilipoisoma kidole kilikwama mahali pamoja: "have been".

Kwa wale ambao mwaka huo walikuwa bado kwenye nepi, wacha niwape stori kwanza. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 31 Januari 2009. Nchi ilikuwa bado inalia moto wa supamaketi ya Nakumatt Downtown jijini Nairobi, uliotokea siku tatu tu kabla, tarehe 28. Lori lililobeba petroli likapinduka Sachangwan. Watu wakatoka vijijini na mitungi, ndoo, sufuria, chupa za soda, kuchota. Wengine walikuwa wasafiri tu waliosimamisha magari. Usiharakishe kuwaita wajinga. Eneo la Molo lilikuwa limetoka mwaka uliopita kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, watu walikuwa wamepoteza mazao na nyumba, na petroli inayotiririka mtaroni ni pesa inayotiririka mtaroni. Kisha moto. Miili mingi haikuweza kutambulika, ikazikwa pamoja pale pale Sachangwan. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni kwamba watu wazima walikuwa wakipunguza sauti ya redio tukiingia chumbani.

Sasa turudi kwa sentensi yangu. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukulie kama mhadhiri. Nimeyatafuta haya mwenyewe kwa sababu yaliniaibisha, na rafiki yangu anayefundisha Kiingereza shule moja hapa Nax amenipigia makofi sehemu nyingine na kunicheka sehemu nyingine.

Sote tulipewa jedwali lile lile darasani. "-na-" ni sasa, "-li-" ni jana, "-ta-" ni kesho, na "-me-" ni "has" ama "have". Ukiongeza kauli ya kutendwa, "amezikwa" inakuwa "has been buried", "wamezikwa" inakuwa "have been buried". Jedwali safi, nililikariri kama nambari yangu ya simu. Shida ni kwamba "-me-" yetu haifanyi kazi hiyo peke yake. Ukisema mtoto amelala, huzungumzii usingizi uliokwisha. Unasema yuko usingizini sasa hivi, tembea kwa vidole. Ukisema jamaa amevaa koti la bluu, unamwelekeza mtu amtafute mwenye koti la bluu, koti liko mwilini. Amekaa, amesimama, amechoka, amekasirika, zote ni hali aliyo nayo mtu wakati huu tunaongea. Jambo lilitendeka, na matokeo yako hapa mbele yetu.

Kwa hivyo "watu wamezikwa Sachangwan" kwa Kiswahili ni sawa kabisa leo, na itakuwa sawa miaka 50 ijayo. Wako pale. Mtu wa Kiingereza naye akisikia "the victims have been buried at Sachangwan", anasikia habari ya kuvunja: mazishi yamekwisha hivi punde, watu wanapangusa udongo kwenye viatu na kutafuta matatu za kurudi nyumbani. Sentensi hiyo ingekuwa sahihi kwenye gazeti la wakati ule, mazishi yakiwa mapya. Ukiiandika leo bila kueleza chochote, umewazika watu upya, na umewatafutia ajali mpya iliyowaua.

Anachosema yeye leo ni "are buried". "Sachangwan, where the victims are buried." Hakuna "have" wala "been". Kwa hiyo ile "wamezikwa" yetu, ukiwa umesimama kando ya kaburi la zamani, Kiingereza chake ni "are buried". Na "walizikwa", ukitaja mwaka, ni "were buried". Niliposikia hivyo nilihisi kama mtu aliyeambiwa amekuwa akivaa shati ndani nje tangu darasa la nne.

Hapo kwa mwaka pana mtego wake, na huu ndio unaowanasa hata wasee walio na digrii. Kiingereza hakikubali "has been" ikae kiti kimoja na tarehe iliyopita. Ukiandika "a place where a tanker has been overturned on 31 January 2009", umevunja sentensi. Tarehe ikishatajwa, mlango umefungwa, unatumia "overturned" na unaendelea na safari. Sisi hatuoni kosa kwa haraka kwa sababu Kiswahili kina ulegevu kidogo. Mtu mtaani atakuambia "hii nyumba imejengwa 1998" na hakuna atakayemsimamisha. Anamaanisha nyumba ipo, na anaongeza umri wake. Ukimpa Mwingereza maneno hayo hayo moja kwa moja atakunja uso.

Usidhani basi kwamba "have been" haina kazi yoyote Sachangwan. Inayo, na ni kazi inayotisha.

Chukua kipande chote cha barabara, kutoka Mau Summit kushuka Sachangwan mpaka Salgaa. Ni mteremko mrefu. Malori yanashuka na mizigo ya Kampala na kwingineko, kuna madereva walioshuka gia ikiwa huru ili wapunguze mafuta, breki zikapata moto na kukataa. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara hii hii, na zaidi ya watu 30 wakafa siku ambayo wengine walikuwa wanapanga sherehe za mwaka mpya. Baada ya hapo uliwekwa ukuta wa zege katikati kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Sasa, ukitaka kuzungumzia kipande hiki chote kwa Kiingereza, unaandika: "a stretch of road where hundreds of people have been killed." Hapo "have been" imekaa mahali pake. Hukutaja siku moja, umetaja hesabu, na hesabu yenyewe iko wazi mpaka leo. Mwandishi hajafunga kitabu. Ukibadilisha uandike "were killed", msomaji atauliza lini, kwa sababu umemwambia kuna siku fulani mambo hayo yalianza na yakaisha.

Dada wa Qatar ndicho alichosoma. Anaijua barabara ile kuliko mimi. Aliposoma "have been", akili yake haikuenda 2009, ilienda kwenye hesabu iliyo wazi, na kwenye lori moja lililokuwa linashuka usiku ule ule. Mimi nilikosea sarufi, yeye alisoma sarufi vizuri.

Kuna sehemu nyingine tunakutana na kifungu hiki kila siku bila kukiona, nayo ni habari za ajali. Unajua mtindo wenyewe. Gari linapinduka, majeruhi wanakimbizwa, halafu inakuja: "to a hospital in Nakuru, where they have been admitted." Rafiki yangu mwalimu alinionyesha kwamba sentensi hii ina nyakati mbili ndani yake na zote mbili zina haki. Walipelekwa jana, hilo limeisha, "were taken". Wamelazwa na bado wako kitandani, hilo halijaisha, "have been admitted". Ukisoma habari hiyo baada ya wiki mbili ukutane na "where they were admitted", unaanza kujiuliza kama walitoka ama walikufa. Kuna mtu anayesoma habari hiyo akitafuta jina la mamake. Kwake tofauti ya "were" na "have been" si mambo ya mtihani.

Na angalia Kiswahili kinavyojibana hapo. Tunasema "hospitali alikolazwa". Hatuwezi kuingiza kile kirejeshi cha mahali ndani ya "-me-". Hakuna Mkenya anayesema "amekolazwa". Ukitaka "-me-" lazima uzunguke: "hospitali ambako amelazwa". Watu wengi hawana muda wa kuzunguka, wanatumia "alikolazwa" kwa yote mawili, aliye kitandani bado na aliyetoka 2015. Kwa mdomo haina neno, unaelewa kwa sauti na kwa uso wa anayekuambia. Ukiipeleka kwa Kiingereza, lazima uamue. Kiingereza kinakuuliza swali ambalo wewe hukuwa umejiuliza: yuko ama hayuko?

Lakini kuna mahali Kiswahili kinamshinda Mwingereza vibaya sana, na wacha nijigambe kidogo kwa niaba yetu sote. Ngeli ya mahali. Mnaikumbuka, PAKUMU, ile iliyokuwa ikitumaliza kwenye mtihani. Kwetu, mahali penyewe panaweza kubeba kitenzi. "Pamezikwa watu." "Kumefungwa." "Mmejaa maji." Ukimpigia rafiki simu akuambie tu "huku kumefungwa", unaelewa ni barabara, na hakuna anayeuliza nani amefungwa. Mahali pamefanywa mwenye sentensi. Na unaweza kuchagua: palipozikwa watu, hapo hasa ninapokuonyesha kwa kidole, kulikozikwa watu, upande ule wa kule, mlimozikwa watu, humo ndani ya udongo. Mwingereza ana "where". Basi. Anapiga nayo kazi zote tatu na wala hajui anachokosa.

Ubaya ni kwamba tukibeba uzuri huo na kuushusha kwenye Kiingereza, tunazaa vitu vya ajabu. "Sachangwan has been buried many people." Nimeona hii kwa macho yangu, tena kwenye kazi ya mtu aliyelipwa. Alikuwa anawaza "Sachangwan pamezikwa watu wengi", sentensi tamu kabisa, na akaivusha vile ilivyo. Kiingereza kikasikia kwamba Sachangwan ndiyo iliyozikwa. Huwezi kufanya mahali pawe mwenye sentensi kwao kirahisi hivyo. Unaanza na watu: "Many people are buried at Sachangwan."

Ya pili kwa ukubwa, na hii inachekesha, ni "located". "Sachangwan has been located in Nakuru County." Ukiandika hivyo umesema Sachangwan ilikuwa imepotea, ikatafutwa na helikopta, na hatimaye imepatikana ndani ya Kaunti ya Nakuru, asanteni wote mliosaidia. Mahali palipo hapapatikani kila siku. "Is located", ama hata bora zaidi "is in". Ninaomba radhi kwa wateja wangu wote wa miaka iliyopita.

Halafu kuna "a place where many people have been died". Usicheke sana. Kufa kwa Kiingereza hakutendwi. Hakuna anayemfanyia mwingine kufa, kwa hivyo "have died" inatosha, ondoa "been". Lakini fikiria kwa nini tunaiweka. Kiswahili chetu kinaruhusu kifo kitendwe: kufiwa. Mama amefiwa. Familia imefiwa. Kijiji kizima kilifiwa Jumamosi moja. Ile "-wa" mwishoni inamweka kwenye sentensi yule aliyebaki, anayepokea pigo. Kiingereza kinalazimika kwenda kutafuta neno lingine la kanisani, "bereaved", ambalo hakuna mtu analitumia akiongea na jirani. Sisi tunalo mdomoni tangu utotoni. Ndiyo maana mkono unateleza.

Lakini lile swali la yule msee wa pili ndilo lililoninyima usingizi. "Wamechomwa na nani?"

Mimi kichwani nilikuwa nimefikiria "waliungua". Nikaandika "have been burnt". Kiswahili kinajua tofauti hii vizuri sana, na kwenye barabara hii hasa tunapaswa kuijua. Watu wa Sachangwan waliungua. Ukiendelea na barabara hiyo hiyo mpaka karibu na Eldoret, kuna Kiambaa, ambako tarehe 1 Januari 2008 watu waliokuwa wamekimbilia kanisani, akina mama na watoto wengi wao, walichomwa. Walichomwa, si waliungua. Kulikuwa na watu nje ya kanisa. Hakuna mtu wa Bonde la Ufa anayeweza kuchanganya maneno hayo mawili akiwa macho. Ukisema Kiambaa waliungua, umemficha aliyewasha. Ukisema Sachangwan walichomwa, umemleta mchomaji ambaye hujathibitisha yuko.

Na Kiingereza changu kilifanya hivyo hivyo kwa maneno sita. "People have been burnt and buried." Isome kama mtu asiyejua historia. Inasikika kama genge fulani lilichoma watu na kuwafukia. Si ajabu jamaa akauliza ni nani. Sarufi yenyewe ilimwalika aulize, maana kauli ya kutendwa ina kiti kitupu cha mtendaji, na msomaji akikiona kitupu anataka kujua nani ametoka kwenda msalani.

Kwa Sachangwan kiti hicho kina stori yake. Taarifa za siku zile zilitaja mambo mawili. Kwamba huenda sigara iliangushwa kwa bahati mbaya, na kwamba huenda kuna mtu aliyekasirishwa na polisi waliokuwa wakizuia watu kuchota akaiwasha makusudi. Sasa fanya mwenyewe: moto uliwaka, ama moto uliwashwa? Mafuta yalimwagika, ama yalimwagwa? Herufi chache tu. Kwenye "-ka" hakuna mtu. Kwenye "-wa" kuna mtu, hata kama hatumjui jina. Kwa Kiingereza "the fire broke out" haina mtu, "the fire was lit" inaye. Kama hujui, chukua isiyo na mtu. Nafikiri hilo ni suala la haki kwa wafu na kwa walio hai kabla hata halijawa suala la lugha, na mimi nilikuwa nimelivuruga kwa sababu ya kutaka kepsheni iwe na mdundo, "burnt and buried", herufi "b" mbili zinagongana vizuri. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine.

Mjue pia kwamba kosa hili linaenda upande wa pili, na huko hutumiwa kwa makusudi na watu wenye suti. "Mistakes have been made at this site." "Funds have been lost." "The road has been neglected." Nani alikosea, nani alipoteza, nani alipuuza? Kiti kitupu, na hapa mwandishi anataka kibaki kitupu. Kiswahili nacho tunakitumia hivyo hivyo, pesa zimepotea, faili imepotea, kama vile vitu hivyo vilijitembeza. Ukiona "-ka" ama "-ea" mahali ambapo unajua kabisa kulikuwa na mkono wa mtu, simama hapo kwanza. Mteremko wa Sachangwan uliumbwa na Mungu. Breki mbovu zilizopita ukaguzi zilipitishwa.

Basi usiku ule nikaanza kuandika upya. Nilifuta mara sita. Toleo la kwanza lilisema "where over 100 people died in 2009 after a petrol tanker overturned, and where many of them are buried". "Died", kwa sababu hawakufanywa kufa na mtu ninayemjua. "In 2009", ili mtu yeyote mwenye ndugu barabarani apumue. "Are buried", kwa sababu wako pale mpaka leo. Haikuwa na mdundo wowote. Ilikuwa ndefu kuliko picha. Ikanibidi pia niongeze sentensi ya pili, maana bila hiyo ningekuwa nimefunga hesabu ambayo haijafungwa: "Many more have been killed on this road since." Hapo ndipo nikairudisha "have been" yangu, safari hii ikiwa na kazi.

Nikaiweka. Kupendwa kwa picha kukapungua, nadhani watu walipenda ile ya damu. Yule msee wa swali hakujibu tena. Mwalimu akanitumia kidole gumba na ujumbe kwamba nimesahau nukta.

Nikamwandikia dada wa Qatar nikamwambia nimebadilisha, na nikamuuliza kama kakake amepatikana. Alama zikawa mbili za bluu. Kimya. Saa tatu ikapita. Nikawasha maji ya chai, nikazima, nikawasha tena. Nilikuwa naangalia ile picha yangu, taa za lori za nyuma nyekundu kwenye ukungu, na kwa mara ya kwanza nikajaribu kusoma namba ya gari la mbele.

Saa nne kasorobo ujumbe wake ukaingia.

"Amefika Salgaa. Simu ilikuwa imezima chaji. Anakula."